Kifaa Kikilia Mlangoni, Nani Anafanya Nini?

Umefika ukumbini kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani. Mlangoni amesimama kijana mwenye sare, kifaa cha kukagulia chuma kiko mkononi. Anakipitisha haraka kifuani pa mama aliye mbele yako, kinalia. "Pita, mama." Kwako kinalia pia. "Pita, kaka." Kinawalilia wote, na wote wanapita, kwa sababu kila mtu ana simu, ana funguo, ana mkanda wenye chuma. Kufika saa mbili usiku wageni mia nne wako ndani, na hakuna hata mmoja aliyekaguliwa.

Sisi wa Igoma, hapa Mwanza, tunaijua hali hii. Tunaishi kwenye njia panda. Barabara ya Musoma inatuletea watu wa Kisesa na Magu, ile ya Kishiri inatuunganisha na Buhongwa, na daladala zinashusha watu usiku na mchana. Shule zetu zimejaa, kumbi zinaongezeka, makanisa na misikiti inapanuliwa, na watu wanaanza kuulizana kama nasi tuweke mashine za ukaguzi. Swali ni zuri, ila mara nyingi linaanzia dukani, kwenye bei ya kifaa. Mimi naomba lianzie mlangoni: kifaa kikilia, nani anafanya nini? Shule, zahanati au ukumbi usio na jibu la swali hilo utanunua mashine na kubaki na hatari ileile.

Makala haya ni kwa walimu wakuu, waganga wafawidhi, wenye kumbi, viongozi wa dini na wenyeviti wa mitaa. Ni kwa mzazi na mgonjwa pia, maana ndio wanaokaguliwa, na ndio wa kwanza kuumia mlango ukishindwa.

Jua kwanza unajikinga na nini

Mkoa wetu umeonja uchungu huu. Mei 2016, watu wenye mapanga na mashoka waliingia msikitini katika eneo la Ibanda, kata ya Mkolani, wakaua waumini watatu. Walibeba vitu ambavyo kila nyumba ya Usukumani inavyo nyuma ya mlango.

Arusha, Mei 2013, bomu lilirushwa kwenye uzinduzi wa parokia ya Olasiti, watu wakiwa wamekusanyika nje kwa ibada. Mwezi uliofuata bomu jingine lilirushwa kwenye mkutano wa kampeni viwanja vya Soweto. Hapo mashine ya mlangoni isingesaidia kitu, kwa sababu mlango haukuwepo na hatari ilitoka nje ya kusanyiko. Kenya, Aprili 2015, washambuliaji wa Chuo Kikuu cha Garissa walianza kwa kuwaua walinzi wa getini, kisha wakaingia kwa wanafunzi. Watu 148 walikufa. Mlinzi asiye na silaha hawezi kuzuia bunduki, na tusimdanganye kwamba anaweza. Kazi yake siku kama hiyo ni kuwahi kupiga kengele ili walio ndani wapate muda wa kukimbia au kujifungia.

Kanda ya Ziwa ina funzo jingine. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto kuanzia mwaka 2007 hivi, watoto wengi walipelekwa kuishi kwenye shule kama Mitindo, Misungwi, na Buhangija, Shinyanga. Kwa mtoto yule hatari kubwa ilikuwa mgeni mwenye maneno matamu anayejiita mjomba, mikono mitupu, mfukoni hana hata sindano. Kumkagua chuma mtu huyo ni kazi bure. Anachotakiwa kuulizwa ni: wewe ni nani, nani anakufahamu hapa, na nani amekuruhusu kumchukua mtoto?

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, kaa na watu wako mezani muandike mambo matatu. La kwanza, ni ugomvi gani umewahi kutokea hapa, na uliishia kwa kutumia nini? La pili, ni nani anaweza kulengwa, na anayeweza kumlenga ni nani? La tatu, mtu anaweza kuingilia wapi zaidi ya getini? Shule ngapi zina geti la chuma lenye kufuli upande wa barabara, na nyuma ua umetoboka hadi ng'ombe wanapita?

Kifaa kinaona nini

Kifaa cha kukagulia chuma, kiwe cha mkononi au lile lango la kupita, kinafanya kazi kwa sumaku. Nyaya zilizozungushwa ndani yake zinatoa nguvu ya sumaku, na chuma chochote kikikaribia kinaivuruga, kifaa kinalia. Hakijui kama chuma hicho ni kisu au ni kijiko. Hakioni petroli kwenye chupa ya maji, hakioni tindikali, hakioni rungu la mti wala kibiriti. Baruti isiyofungwa kwenye chuma nayo itapita kimya.

Kuna mambo madogo ya ufundi ambayo wauzaji hawayasemi. Lango la kupita likisimamishwa karibu na geti la chuma linalofunguliwa na kufungwa, au juu ya sakafu yenye nondo karibu, litalia ovyo hadi mlinzi aache kulisikiliza. Liweke mbali na geti, kwenye sakafu iliyo sawa, lisitikisike. Kwa kuwa linatumia umeme, panga mapema litawashwa na nini siku umeme ukikatika. Cha mkononi kinatumia betri, nyingi zikiwa zile za mraba za volti 9, na betri ikichoka kifaa kinakuwa kiziwi kabla hakijazima kabisa. Weka betri ya akiba kwenye droo ya mlangoni, na kila asubuhi mlinzi akijaribu kwa kisu cha jikoni kabla mtu wa kwanza hajapita.

Usinunue kitu usichokijaribu. Uingereza, Mei 2013, mfanyabiashara James McCormick alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kuuza vifaa alivyodai vinagundua mabomu. Ndani yake hamkuwa na chochote cha maana. Vilinunuliwa kwa mamilioni ya dola na kutumika kwenye vizuizi vya barabarani nchini Iraq, huku magari yenye mabomu yakipita. Muuzaji akija kwako na kifaa "kinachonusa" silaha kutoka mita mia, mwambie afiche kisu kwa mmoja wa watu kumi bila yeye kujua ni nani, kisha akitafute mara kadhaa. Akianza visingizio, msindikize hadi stendi.

Mtu wa mlangoni

Ukiwa na fedha kidogo, anza kwa kumfundisha mtu. Meza, kikapu, watu wawili waliofundishwa na simu yenye salio vinafanya kazi kuliko lango la mamilioni lenye kijana mmoja aliyeletwa jana.

Nasema wawili kwa sababu ya mgawanyo wa kazi. Mmoja anakagua, mwingine anatazama. Anayekagua macho yake yako kwenye mfuko wa mtu. Hawezi kumwona yule wa tano kwenye foleni anayegeuka ghafla na kuondoka baada ya kuona mifuko inafunguliwa. Kati yao mmoja awe mwanamke. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa staha, na kinachowabana polisi hakiwezi kuwa kidogo kwa mlinzi wa ukumbi.

Ukaguzi wenyewe uwe hivi. Salamu kwanza, Igoma humkagui mtu mzima kabla ya "shikamoo". Kisha mweleze: "Tunakagua wote leo, naomba utoe simu, funguo na sarafu uweke kwenye kikapu." Baada ya hapo kifaa kipite umbali wa vidole viwili au vitatu kutoka mwilini, bila kumgusa: kofia au kilemba, mabega, mkono wa nje na wa ndani, mbavu, kiuno chote kwa kuzunguka, mguu wa nje na wa ndani hadi kwenye kiatu. Ageuke, irudiwe mgongoni. Kiuno cha nyuma na vifundo vya miguu ndipo visu hufichwa, na ndipo walinzi wavivu hawafiki. Kikilia, simama papo hapo na uulize: "Hapa kuna nini?" Mtu atoe mwenyewe, kisha pitisha tena mahali palepale. Kikinyamaza, apite. Kikiendelea kulia bila maelezo, apelekwe pembeni kwa msimamizi. Neno "pita" lisitoke mdomoni kabla kifaa hakijanyamaza au sababu haijaonekana.

Mfuko aufungue mwenyewe na kutoa vitu juu ya meza. Mlinzi asizamishe mkono ndani ya mkoba wa mtu, kwa sababu mna nyembe na sindano, na kwa sababu kesho atasingiziwa kuiba. Atumie kijiti kusogezea.

Wapo watakaosema wana chuma mwilini. Ajali za bodaboda zimewaacha vijana wengi na vyuma kwenye mapaja na miguu, na wanasema kweli. Angalia kama kifaa kinalia mahali hapohapo tu, mlinzi wa jinsia yake apapase kwa heshima juu ya nguo, apite. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo usimshikilie kifaa cha mkononi kifuani, apapaswe. Mjamzito aelezwe kwamba lango na kifaa cha mkononi havitoi mionzi ya eksirei. Mashine ya eksirei ni ya mizigo peke yake, na mtoto asiachwe kuichezea.

Jambo la mwisho kuhusu mtu huyu ni kubwa kuliko yote: awe na njia ya kusikilizwa. Tarehe 7 Agosti 1998, mlinzi wa Kikenya kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi alikataa kulifungulia gari lenye bomu. Alijaribu kuwasiliana na wenzake, mawasiliano hayakushika. Watu zaidi ya 200 walikufa siku hiyo. Manchester, Mei 2017, mlinzi kijana alimtilia shaka mtu mwenye begi zito nje ya ukumbi wa muziki, lakini hakukipata chumba cha uongozi kwa redio, na aliogopa kuonekana mbaguzi. Bomu lililokuwa ndani ya begi liliua watu 22. Walinzi hawa wawili waliona. Kilichokosekana ni sikio upande wa pili. Mlinzi wako ana namba ya nani? Akimpigia saa nne usiku anapokea? Na akikosea kushuku, anatukanwa mbele ya wageni au anaambiwa "umefanya vizuri kuniita"?

Foleni nayo inaua

Piga hesabu kabla ya kutangaza ukaguzi. Mtu mmoja akichukua sekunde 20, mlinzi mmoja anapitisha watu 180 kwa saa. Wageni wako ni 600? Mlinzi mmoja atahitaji zaidi ya saa tatu. Wanne watamaliza ndani ya saa moja. Usipoifanya hesabu hiyo, shughuli itaanza, muziki utasikika, watu walio nje wataanza kusukumana, na mwenye shughuli atakuja kusema "waacheni waingie tu".

Kusukumana kunaua. Moshi, Februari 2020, watu 20 walikanyagwa hadi kufa kwenye ibada ya usiku, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Dar es Salaam, Machi 2021, watu 45 walikufa kwenye msongamano wa kuaga mwili wa Rais Magufuli Uwanja wa Uhuru. Silaha haikuwepo. Kulikuwa na watu wengi na njia chache. Ukaguzi unaobana watu kwenye mlango mmoja unatengeneza hatari ya pili ili kuzuia ya kwanza, na mwenye nia mbaya anaweza kuilenga foleni yenyewe. Fungua mapema. Toa njia ya wasio na mifuko, waende haraka. Wazee, wajawazito na wenye watoto wapite pembeni. Milango ya kutokea isifungwe kwa kufuli hata dakika moja wakati watu wako ndani; weka mtu asimame hapo kuzuia wanaotaka kuingilia.

Na hesabu watu. Igoma haihitaji kufundishwa hili kutoka mbali. Makaburi ya ndugu zetu wa MV Bukoba yako hapa kwetu. Meli ile ilizama 21 Mei 1996 ikiwa na abiria wengi kuliko 430 iliyoruhusiwa kubeba, na wanaokadiriwa kufa ni zaidi ya 800. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka Ukara na kuua watu 228. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Pale bandarini alihitajika mtu wa kusimama na kusema "imejaa". Mlinzi wa ukumbi wako awe na kihesabio au daftari la kuchora vijiti, na awe na mamlaka ya kusema neno hilohilo, hata kwa mgeni wa meza kuu.

Shuleni

Kwanza tukubali kwamba shule zetu zimejaa vyuma kwa ruhusa. Mtoto anakuja na kwanja la usafi, mwingine na jembe, wa tatu ana wembe wa kuchongea penseli, wote wana bikari kwenye mkebe wa hesabu. Lango la ukaguzi kwenye shule ya wanafunzi elfu mbili litalia kutoka saa moja hadi saa nne, vipindi viwili vimekwenda. Hata Marekani, ambako mashambulizi ya risasi shuleni ni msiba wa mara kwa mara, ni sehemu ndogo tu ya shule zinazopitisha wanafunzi kwenye mashine kila siku.

Kinachowezekana kwetu ni hiki. Makwanja na majembe yaandikwe namba kwa rangi. Asubuhi ya usafi yatoke stoo kwa kuhesabiwa, mwalimu wa zamu akiwa na orodha. Kengele ikilia yarudi yakihesabiwa, na kengele ya darasa isipigwe kwanja namba 14 likiwa halijaonekana. Wembe upigwe marufuku, na kila darasa lipate vichongeo viwili vya penseli mezani kwa mwalimu. Marufuku isiyo na mbadala ni kumfundisha mtoto kuficha.

Kwenye bweni, hofu kubwa iwe moto. Shauritanga, Kilimanjaro, Juni 1994, wasichana wapatao 40 waliungua hadi kufa bwenini. Nairobi, Septemba 2017, moto uliowashwa na mwanafunzi uliua wasichana 10 wa Moi Girls. Kibiriti hakilii kwenye kifaa. Ukaguzi wa masanduku siku ya kufungua shule utafute viberiti, mishumaa na mafuta, kila mwanafunzi akisimama mbele ya sanduku lake, walimu wawili wa jinsia yake wakiwepo. Na kwa jina la usalama usije ukafunga bweni kwa kufuli la nje.

Mtoto akikutwa na kisu, swali la kwanza liwe "unamwogopa nani?" Wengi hubeba kwa hofu: kuna kundi linawasubiri njiani, kuna mkubwa anayewanyang'anya hela ya nauli, kuna jambo nyumbani. Kisu ukichukua na hofu ukaiacha, kesho ataleta kingine. Mpeleke kwa mwalimu wa malezi, mwite mzazi, mhusishe ofisa ustawi wa jamii, na palipo na dalili ya ukatili nenda dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ibandikwe ukutani ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kuonwa na mtu. Kumvua mtoto nguo kumpekua ni kumdhalilisha, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo kumlinda.

Wanafunzi karibu siku zote hujua kabla ya walimu nani ana nini kwenye begi. Watasema kama wanajua jina lao halitatajwa mstarini. Mwalimu mmoja anayeaminika ni ukaguzi bora kuliko mashine tatu.

Hospitalini

Hospitali haiwezi kuwa kama benki. Anakuja mtu anavuja damu juu ya bodaboda, mama ana uchungu wa kuzaa, baba amebeba mtoto mwenye degedege. Kanuni ya kwanza iandikwe kwa herufi kubwa getini: mgonjwa wa dharura hasimamishwi. Aingie, nguo na mfuko wake vitaangaliwa na wauguzi wakati wa kumhudumia. Wanaomsindikiza ndio wabaki wakaguliwe, na mmoja tu aingie naye.

Hatari ya hospitali ina mahali na saa zake. Mahali ni mapokezi ya dharura, hasa usiku wa mwisho wa wiki, wanapoletwa majeruhi wa ugomvi na pande zote mbili zikafuata nyuma yao. Saa ngumu ni ile ya kutangaza msiba, ndugu wanapoona wamecheleweshwa au wameonewa. Kwa hiyo pande mbili za ugomvi zisikae benchi moja. Habari ya kifo itolewe ndani ya chumba, daktari asiwe peke yake, mlinzi awe karibu ila asionekane kama mtu wa kuwafukuza. Muuguzi awe na namna ya kuita msaada kwa neno moja ambalo wote wanalijua. Ukisoma malalamiko ya ndugu wa wagonjwa popote nchini utakuta jambo moja linajirudia: hawakuambiwa kinachoendelea. Muuguzi anayetoka kila nusu saa kuwaeleza ndugu walipofikia anazuia ngumi nyingi kuliko mlinzi mwenye kirungu.

Saa za kuona wagonjwa, hotpoti na vikapu ni vingi. Tangazeni kwamba matunda yamenywe nyumbani, kisu hakiingii wodini. Na kwa sababu watu wengi wanatoka moja kwa moja sokoni au shambani, wekeni kabati la kutunzia. Mzee ametoka Kisesa, amenunua panga jipya bado liko kwenye gazeti, anakuja kumwona mjukuu wake. Huyu si mhalifu. Mpe kibandiko chenye namba, panga lake likae kabatini lenye namba hiyohiyo, liandikwe, alichukue akitoka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na panga la mzee likipotea getini, siku nyingine atalificha ndani ya koti.

Ukiikuta silaha yenyewe

Kisu au panga likionekana na mwenyewe ametulia, lichukuliwe kwa mpangilio wa kabati na kibandiko. Akikataa, haingii, mwambie kwa sauti ya chini, bila kumwaibisha mbele ya watu. Ulinzi binafsi hauna mamlaka ya polisi. Mtu ana haki ya kukataa kukaguliwa na kuondoka, nanyi mna haki ya kutomruhusu kuingia.

Akija mtu na bastola akasema anaimiliki kihalali, mlinzi asiipokee. Hana sanduku la chuma, hana utaalamu wa kuishika, na ikipotea au kufyatuka mikononi mwake msiba ni wake. Umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na wajibu wa kuihifadhi ni wa mmiliki. Arudi nayo aihifadhi inavyotakiwa, kisha aje. Cheo chake kisibadilishe neno hilo.

Mtu akichomoa silaha, kazi ya mlinzi ni moja: kuwatenga watu na hatari. Asimrukie. Apige kelele ya onyo iliyokubaliwa, walio ndani wafunge milango au watoke kwa njia nyingine, na simu ipigwe polisi 112. Palipo na moto, 114. Waliopo wakimbie, wasioweza wajifungie, wazime taa na milio ya simu. Baadaye mahali pale pasiguswe mpaka polisi wafike.

Heshima ya anayekaguliwa

Kwetu Usukumani ulinzi wa wananchi una historia. Sungusungu walianzia ukanda huu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, na nguvu yao ilikuwa kwamba kila mtu alijua habari za jirani. Udhaifu wao ulikuwa hukumu bila kusikiliza na mkono uliotangulia ushahidi. Tuchukue ile nguvu ya kupeana habari. Ule mkono tuuache.

Kagua wote au kagua kwa utaratibu unaoelezeka, kama kila mtu wa tano. Ukiwachagua vijana wenye rasta, wanawake wenye hijabu na wafugaji wenye fimbo, umewatukana walio wengi, na mwenye kisu atavaa suti. Fimbo ya mzee anayeitegemea kutembelea usimnyang'anye.

Daftari la wageni nalo linahitaji adabu. Mageti mengi yanaandika jina, namba ya simu na namba ya NIDA, halafu daftari linalala wazi mezani, kila anayeandika anasoma ya wenzake. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Andika unachokihitaji tu, funika kurasa za nyuma, na daftari lililojaa lifungiwe kabatini.

Pa kuanzia

Huhitaji bajeti kubwa kuanza wiki hii. Zunguka eneo lako na mtu mmoja, mhesabu kila pengo la kuingilia. Andika karatasi moja yenye majibu manne: kifaa kikilia nani anafanya nini, kisu kikionekana kinakwenda wapi, mlinzi anampigia nani, watu wanatokea wapi. Ibandike ndani ya kibanda cha mlinzi, na nakala mpelekee mwenyekiti wa mtaa na polisi kata ili nao wajue mpango wako.

Kisha fanya zoezi la dakika kumi. Mpe mtu wako mmoja kisu cha mezani kisicho na makali, akifunge kwenye kifundo cha mguu, aje mlangoni kama mgeni saa ya foleni. Msimamizi ajue, mlinzi asijue. Kikipita, usimfukuze mlinzi. Kaa naye umwonyeshe kilipopitia, kisha rudieni wiki ijayo. Kikikamatwa, mpongeze mbele ya wenzake na umlipie soda. Fanya hivyo kila mwezi, kwa sababu mlango ulioukagua Januari si uleule ulionao Juni: walinzi wamebadilika, betri imechoka, ua umetoboka tena.

Na wewe usiye na geti la kusimamia, ukifika mlangoni toa simu na funguo kabla hujaombwa. Kifaa kikilia ukaambiwa "pita", simama. Sema, "Ndugu yangu, kimelia. Naomba uangalie vizuri." Atashangaa mara ya kwanza. Wageni kumi wakimwambia hivyo usiku mmoja, mwenye ukumbi atalazimika kuwa na jibu la swali letu.